Siku Niliyomtaja Mama kwa Daktari

Mama yangu alifundishwa ukunga na mama yake, na mama yake alifundishwa na shangazi ambaye siku hizi hakuna anayeikumbuka hata sura yake. Nikiwa mtoto, pale kwetu kwenye vilima vya Kathiani, nilizoea kuamka asubuhi na kumkuta jikoni mwanamke nisiyemjua, amejifunga leso mbili, anangoja mama amshike tumbo. Wengine walikuja kwa sababu ya mimba. Wengine hedhi ilikuwa ikiwatesa. Wengine hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kule walikoolewa maneno ya mafumbo yalikuwa yameanza. Mama aliwasikiliza wote kwa namna moja: hakuwatazama usoni, alitazama mikono yao. Alisema mtu akidanganya, mdomo unaweza kutulia lakini mikono haitulii.

Mimi nilishika njia nyingine. Wanakijiji walinichagua kuwa mhudumu wa afya ya jamii, nikapelekwa mafunzo, nikarudi na begi la mgongoni, mashine ya kupima presha na simu ya kuandikia habari za kila nyumba niliyogawiwa. Katika mafunzo tuliambiwa kwamba kila mwanamke ajifungulie hospitalini, na wakunga wa jadi wasizalishe tena. Wabaki kuwasindikiza akina mama hadi kwenye kituo cha afya. Siku niliyorudi nilimkuta mama akichambua maharagwe, nikamweleza hayo yote kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani.

“Kwa hivyo ni wewe umetumwa uniambie,” alisema.

“Sijatumwa, Mwaitu. Ni agizo kwa wakunga wote.” Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

“Na mtoto akija mamake akiwa njiani, nimwambie arudi?”

Hakungoja jibu. Lakini tangu siku hiyo aliacha kuzalisha. Akiitwa, alikwenda, akamfunga mwanamke leso vizuri, akamsindikiza hospitalini na kukaa naye hadi mtoto atoke. Kitu alichokataa kuacha ni mizizi na majani yake. Alikuwa na mizizi ya maumivu ya hedhi, majani ya kumwogesha aliyejifungua, na kiluma, ile miti ya shubiri iliyo kando ya ua wetu, kwa vidonda. Nami, kwa kuwa tuliishi boma moja, mimi na mwanangu nyumba ya juu na yeye nyumba ya chini, nilianza kumchunguza mama yangu mzazi. Kila nilipomkuta mwanamke aliyepoteza mimba katika nyumba zangu, nilimuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama alikuwa amepitia jikoni kwetu. Sikumpata hata mmoja aliyesema ndiyo. Hata hivyo sikuacha kuuliza.

Siku ninayoisimulia ilikuwa katika mvua za vuli, udongo mwekundu umelowa na mahindi yamefika magotini. Nikitoka asubuhi kwenda kuzuru nyumba zangu nilimkuta mama ameketi mlangoni, kinu katikati ya miguu, anaponda mizizi.

“Hiyo ni ya nani?” nilimuuliza.

“Ya mgonjwa.”

“Mgonjwa wa nini?”

“Wa kike,” akasema, akaendelea kuponda.

Nilikwenda zangu nikiwa nimekasirika, na nakumbuka hasira ile ilinifuata nyumba mbili tatu za kwanza. Ilipofika kama saa tano simu yangu ikalia. Alikuwa mwanamke wa ng’ambo ya bonde, akasema jirani yake ameshikwa na uchungu nyumbani, hali si nzuri, na mama yangu ameshaitwa yuko huko.

Nilimjua huyo jirani vizuri. Tulisoma shule moja ya msingi, yeye darasa moja nyuma yangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji mjini Machakos, na kwenye kijitabu chake cha kliniki nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba huyu wa pili asijaribu kuzaliwa nyumbani. Nilikuwa nimemkumbusha mara ngapi sijui. Mumewe alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe huko Mavoko na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo jirani aliishi na mkwewe, mama wa mumewe. Huyo mkwewe hakuupenda ule upasuaji. Nilimsikia kwa masikio yangu, tukiwa tumetoka kanisani, akiwaambia wenzake kwamba mke wa mwanawe hakuzaa, alitolewa mtoto.

Nilishuka bonde nikikimbia, nikateleza kwenye matuta mara mbili, nikavuka kijito maji yakiwa juu ya mawe. Nilipoingia chumbani nilimkuta jirani ameketi kitandani, jasho linamtiririka. Mama alikuwa nyuma yake, amemwegemeza kifuani kwake, na kwa mkono mmoja alikuwa akimnywesha kutoka kwenye kikombe cha chupa ya chai aliyokuja nayo. Mkwewe alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya leso.

“Gari,” mama aliniambia kabla sijasalimia. “Tafuta gari sasa hivi.”

“Amekuwaje?”

“Tumbo haliachii. Shika uone.”

Nikashika. Uchungu wa kuzaa huja na kuondoka, na katikati mwanamke hupata kupumua. Tumbo lile lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Nilingoja lilegee. Halikulegea.

“Niko na moto hapa,” jirani alisema, akionyesha chini ya kitovu, pale penye kovu. “Unachoma tu. Hauachi.”

Nikatazama kikombe. “Umempa nini?” nilimuuliza mama.

“Uji.”

“Uji wa nini?”

“Wa wimbi. Gari, mwanangu.”

Kile kikombe kilikuwa pale, karibu kabisa na mkono wangu. Ningekichukua nikakinusa, ningejua. Sikukinusa. Nilikuwa nimekiona kinu asubuhi, na moyoni mwangu kesi ilikuwa imeshakatwa.

Mama akamgeukia mkwewe. “Huyu amekunywa nini leo?”

“Chai tu,” akasema mkwewe.

“Chai ya nini?”

“Chai ya majani na maziwa. Kwani chai ni ya nini?”

Mama alimtazama, akateremsha macho hadi pale mikono ya yule mama ilipofichwa. Mimi nilidhani anaigiza. Nilidhani anauliza ili mimi nisikie kwamba ameuliza. Najionea aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Tulipata pikapu ya mkulima mmoja anayepeleka maparachichi sokoni. Tukatandika godoro nyuma. Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na chumba cha upasuaji, na sote tulijua mwenye mshono wa zamani hafai kupotezewa wakati huko, kwa hiyo tuliamua kwenda Machakos moja kwa moja. Mkwewe alipanda mbele na dereva. Mimi na mama tulikaa nyuma na jirani, tumeshika turubai juu yake kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza.

Hatukuwa tumefika hata lami gari likakwama. Kwenye ile kona ya kwanza ya mteremko gurudumu la nyuma lilizama hadi nusu na kuzunguka bure. Dereva akashuka, akaangalia, akashika kichwa. Nilimpigia kelele bwana mmoja na mkewe waliokuwa wakipalilia shamba la chini, wakaja na majembe, wakakata matawi wakayatupa chini ya gurudumu. Tulisukuma. Mama peke yake alibaki juu na jirani.

“Usifunge macho,” nilimsikia akisema. “Nitazame mimi. Unaniona?”

“Nakuona.”

“Mtoto anacheza?”

“Amecheza kidogo. Sijui. Susu, nitakufa?” Susu ni nyanya; wanawake wengi vijana walimwita mama hivyo.

“Usiniulize hayo. Niulize jambo lingine.”

“Kwa nini hunikandi tumbo? Ulinikanda wakati ule wa kwanza nikasikia nafuu.”

“Leo hapana. Tumbo hili leo haliguswi tena na mtu isipokuwa daktari.”

Nilisikia maneno hayo nikiwa nimeinama nyuma ya gari, matope hadi magotini, na bado sikuyaweka maanani. Gari likachomoka. Tukapanda tena.

Njia iliyobaki siikumbuki yote. Nakumbuka mama akiwa amepiga magoti kwenye bati la pikapu, umri wake ule, ameshika kichwa cha jirani kwa mikono miwili ili kisitikisike kwenye mashimo. Nakumbuka jirani akiacha kulia tulipofika karibu na mji, na kule kunyamaza kukaniogopesha kuliko kilio.

Hospitalini walitupokea kwa machela. Nesi aliweka chombo cha kusikilizia tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena huku akitazama saa. Uso wake ulibadilika. Akaita daktari. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipitia kile kijitabu cha kliniki, akashika tumbo, akaona kovu. Kisha akatugeukia sisi watatu tuliokuwa tumesimama miguuni pa machela.

“Kuna dawa ya kienyeji amekunywa?” aliuliza. “Niambieni ukweli. Sitaki kugombana na mtu, nataka kujua tu. Amekunywa ama hajakunywa?”

Jirani alikuwa amefumba macho, meno yake yanagongana. Mkwewe alitazama sakafu. Nilimwona mama akifungua mdomo.

Mimi nikawahi. “Amekunywa,” nilisema. “Amepewa na huyu. Ni mama yangu. Ni mkunga.”

Sikumwambia daktari kwamba nadhani. Sikusema labda. Nilisema kama mtu aliyeona.

Mama aligeuza shingo akanitazama. Yeye ambaye hakuwa na desturi ya kumtazama mtu usoni, alinitazama mimi. Sijui ilikuwa muda gani. Haikuwa hata muda wa kuvuta pumzi mbili.

“Ni kweli, mama?” daktari akamuuliza.

“Amekunywa dawa ya kusukuma uchungu,” mama akasema. “Kali. Kipimo sikijui.”

“Hujui vipi na wewe ndiye umempa? Tangu saa ngapi?”

Mama akatazama upande wa mkwewe. Akangoja. Mkwewe hakuinua kichwa.

“Tangu asubuhi mapema,” mama akasema. “Tena zaidi ya mara moja. Uchungu hauna mapumziko, na anaungua pale penye mshono. Daktari, huo mshono unafunguka.”

Daktari akawaambia manesi kitu kwa haraka. Kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akingoja kuingizwa chumba cha upasuaji, na nilisikia wakisema huyo anaweza kungoja, huyu aingie kwanza. Nesi alimwinua jirani kichwa akamwekea kalamu mkononi, naye akatia sahihi iliyopinda. Wakaanza kusukuma machela. Daktari alipompita mama alisimama kidogo.

“Mama, umri huu wote na bado unaua watu?”

“Nenda ukamtazame, daktari,” mama akasema. “Mimi niko hapa. Ukimaliza utanikuta.”

Tuliketi kwenye benchi la ukutani. Mkwewe alikaa mwisho mmoja, akatoa rozari, akaanza kuipitisha vidoleni, lakini niliona vidole vyake vikirudia punje ileile. Mama alikaa katikati. Mimi sikuketi karibu naye. Nilisimama dirishani, nikatoa simu ya kazi na kuanza kuandika ripoti, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: mama mjamzito, mshono wa zamani, dawa ya kienyeji kutoka kwa mkunga wa jadi. Pale panapoulizwa jina la kijiji nikaandika kijiji chetu. Nikaituma.

Saa zilipita. Wanawake waliletwa na kuondolewa. Kila mlango ulipofunguka tuliinua vichwa sote watatu, na kila ulipofungwa tuliviteremsha bila kutazamana. Nilikuwa nikifikiria namna mambo yatakavyokuwa jirani akifa. Nilimwona mama yangu kituo cha polisi. Nilijiona mimi nikisimama kutoa ushahidi. Na chini ya hofu hiyo, nakiri, palikuwa na kitu kama ushindi mdogo, kwamba nilikuwa nimesema tangu zamani.

Nesi alitoka alasiri. Mtoto wa kike alikuwa hai, amechoka sana, amepelekwa chumba cha watoto wachanga kusaidiwa kupumua. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeanza kuraruka palepale penye mshono wa zamani, wameushona. Mama yake amepoteza damu lakini ataishi. Asibebe mimba nyingine.

“Mngechelewa kidogo tu,” nesi alisema, hakumaliza.

Mkwewe aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Mama alisimama, akaenda kwenye bomba la maji la pale ukumbini, akanawa mikono. Alinawa muda mrefu. Kisha akaniambia, “Tafuta namna ya kumpigia mume wa huyu mama,” na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonena nami wiki ile.

Habari zilitutangulia nyumbani. Dereva alikuwa amesikia hospitalini, akamwambia mkulima mwenye pikapu, na mkulima akisikia, soko linasikia. Jumapili, kwenye benchi ambalo mama alizoea kukaa, palibaki nafasi pande zote mbili. Wanawake waliokuwa wakija jikoni kwetu walikoma. Yule ambaye mama alimpondea mizizi ile asubuhi, msichana wa kazi wa huko Matuu aliyekuwa akiteswa na hedhi, alituma mtu kusema hataihitaji tena. Hapo ndipo nilipopaswa kufahamu kuwa ile mizizi haikuwa na uhusiano na jirani hata kidogo. Nilisikia, nikajiambia kwamba mtu anaweza kuponda dawa mbili.

Ripoti yangu nayo ilifika ilikotakiwa kufika. Naibu wa chifu alimwita mama ofisini, akamwandikisha, akamwonya kwamba akisikika tena ameshika tumbo la mtu atafikishwa mahakamani. Mama alikwenda peke yake na kurudi peke yake. Nilimwona akipanda kilima, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi. Hakuniambia kilichosemwa. Chakula alikuwa akimpa mwanangu kama kawaida, isyo ya mahindi na maharagwe, na mtoto alikuja nayo nyumba ya juu, bado ya moto. Mimi nikimsalimu aliitikia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki ya tatu jirani aliruhusiwa kutoka, na kwa kazi yangu ilinibidi nikamzuru. Nilimkuta nje kwenye mkeka, mtoto amelala pajani. Nilimpima presha, nikatazama mshono, nikamuuliza maswali yaliyo kwenye simu. Mkwewe alikuwa ameenda kuchota maji kisimani. Nilipofika kwenye swali la dawa nikasema, “Hii ya dawa ya kienyeji nishaijaza.”

“Umejaza nini?” akauliza.

“Ile aliyokupa mama.”

Aliangalia kwanza njia ya kisimani. “Mama yako alinipa uji,” alisema. “Nilikuwa sijala tangu jana yake, nikamwambia nasikia kizunguzungu.”

Nikaiweka simu chini.

“Dawa nilikunywa kabla,” akaendelea, akishusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. “Mara ya kwanza alfajiri, ya pili jua likitoka. Ni unga. Mama mkwe aliununua Tala sokoni, kwa mtu anayekuja na kipaza sauti. Alisema ukinywa hiyo huwezi kupasuliwa, mtoto anakuja mwenyewe. Mama yako alipofika tu aliniuliza nimekunywa nini. Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Nikaogopa.”

“Na hospitalini?”

“Hospitalini sikuwa najijua. Nilijua tu baadaye kwamba imesemwa ni yeye. Mimi nilidhani yeye mwenyewe alisema.” Akamfunika mtoto miguu. “Nimelala na hilo jambo siku hizi zote. Nikilisema, nitaishi wapi?”

Sikumaliza maswali ya simu. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mama akianua nguo.

“Mwaitu,” nilisema, “mbona hukusema?”

Alijua nazungumzia nini. Alikunja shuka akaliweka begani.

“Ningesema nini?”

“Kwamba si wewe! Daktari alikuuliza mbele ya watu. Ungesema.”

“Daktari aliuliza kama amekunywa. Alikuwa anataka ndiyo ama hapana. Nilishajua kwamba amekunywa, tangu niliposhika lile tumbo; ugumu ule si wa kipimo kimoja wala wa saa moja. Nilikuwa nataka kumwambia. Wewe ukasema. Sasa nianze kubishana nawe pale, nimwite yule mama mwongo, naye akatae, daktari asimame akitusikiliza? Yule msichana alikuwa anakufa.”

“Na baadaye? Kwa naibu wa chifu? Wiki tatu, Mwaitu.”

Alichukua nguo nyingine, akaikunja vibaya, akaikunjua.

“Baadaye nilikuwa nakungoja wewe,” alisema. “Nilisema, huyu ni mtoto wangu, atakuja aniulize. Si kuniuliza kwa ukali. Kuniuliza tu, ‘Ulimpa?’ Ningekujibu. Hukuja. Ulinitazama kama mwizi wa kuku, ukaandika.” Ilikuwa mara ya kwanza nimwone mama akilia tangu tulipomzika baba. “Mikono hii imekupokelea mtoto wako. Uliponiona na kikombe, hata kunusa hukunusa.”

Kumbe naye aliliona hilo.

Nilipiga magoti pale kwenye nyasi zenye maji. Hakuniambia niinuke, wala hakuniambia amenisamehe. Aliingia na nguo zake ndani.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya naibu wa chifu. Nilimwambia kwamba nilimshuhudia mama yangu uongo, na kwamba niliandika kitu nisichokiona. Aliniuliza dawa ilitoka kwa nani basi. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo usiku kucha. Nikamwambia ilitoka kwa mwenye kipaza sauti wa sokoni, na huyo ndiye wa kutafutwa. Jina la aliyeinunua sikulitaja. Niliogopa kumtaja mtu mara ya pili, na niliogopa vilevile jirani atalala wapi. Alinuna, akasema mimi na mama yangu tunamchezea, lakini alikata yale maandishi kwa mstari. Nilikwenda Machakos pia. Yule daktari hakuwa zamu. Nilimwachia nesi maneno, sijui kama yalimfikia. Ripoti ya simu ikishatumwa haifutiki, ila msimamizi wangu aliniruhusu kuandika nyingine ya kuisahihisha.

Kijijini haikutosha. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilimwomba katekista nafasi nikasimama mbele. Nilisema: “Mama yangu hakumpa yule dada dawa. Alimpa uji. Mimi ndiye niliyesema uongo bila kujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza.” Nikarudi kuketi. Mkwewe alikuwa safu ya tatu. Sikumtazama, lakini nilimsikia akikohoa, kisha akatoka nje.

Alikuja kwetu baada ya siku chache, mchana, amembeba yule mtoto mgongoni. Mama alikuwa jikoni nami nilikuwa nimeleta kuni. Yule mama hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alimfungua mtoto akamweka mikononi mwa mama yangu, na hapo mikono yake haikuwa na kitu tena cha kushika.

“Dada yangu alipasuliwa,” alisema. “Tukiwa wasichana. Hakurudi nyumbani, yeye wala mtoto. Nikasema huyu wangu hatapasuliwa mara mbili.”

Mama alimgeuza mtoto taratibu, akamtazama kitovu, akambonyeza nyayo aone kama atavuta miguu. Mtoto akavuta, akalia kwa nguvu.

“Ungeniambia kwamba amekunywa,” mama alisema. “Nilikuuliza mara mbili. Ungeniambia hata kwa kichwa.”

“Niliogopa.”

“Ungeniacha na jina la muuaji.”

Yule mama hakujitetea. “Ndiyo,” akasema. “Ningekuacha nalo.”

Maji yalikuwa yanachemka. Mama alimrudishia mtoto, akatia majani ya chai, akammiminia. Alikunywa akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka. Mama alimsindikiza hadi langoni kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Aliporudi alisema, “Nimesikia alichosema. Lakini mimi na yeye hatutaketi tena chumba kimoja na mwenye uchungu,” na hajawahi kuvunja neno lake.

Wanawake walianza kurudi, mmoja mmoja, si wote. Yule mtoto wa kike sasa anatembea, na jirani alimwambia mumewe ukweli wote mwenyewe. Wamehamia Mavoko pamoja. Mwenye kipaza sauti alitoweka Tala kwa muda, nasikia anauzia kwingine. Mimi bado nabeba begi langu. Nikimkuta mwanamke mwenye tumbo gumu namuuliza amekunywa nini, halafu nakaa kimya nimsikie hadi mwisho.

Na mama? Ilichukua muda mrefu. Mwezi uliopita alipanda nyumba ya juu, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu siku ile ya pikapu. Alisimama mlangoni, akasema kuna binti ng’ambo ya kijito aliye na miezi saba, miguu imevimba na kichwa kinamuuma, na yeye hapendi anavyomwona.

“Chukua hiyo mashine yako ya presha,” alisema, “twende.”

Nikaichukua. Alitangulia, nikamfuata.